Bangili Chini ya Plau

Mkuki wa Margwe, wenye damu, ulikutwa Jumatatu moja asubuhi, mwaka 1986, umechomekwa kwenye paa la kibanda cha Tadeo, mlinzi wa shamba la ngano la serikali, Hanang. Margwe mwenyewe, mfugaji wa kijiji jirani cha Getanuwas, hakuonekana. Tadeo aliwahi kumtishia kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye ngano, basi akafungwa pingu.

Helena, mke wa Margwe, hakulia mbele ya Sajini Basili wa polisi.

"Afande, nipe mwili nizike. Halafu nipe aliyemuua."

Mbwa walikuwa wakizunguka na kunusa uwanja wa vyuma chakavu wa shamba. Sajini Basili akaazima kwa wapima madini mashine ya kutafuta metali, huenda maiti ilizikwa na kitu cha metali. Ikapiga kelele kila hatua: misumari, nati, makopo. Nicodemo, dereva wa trekta, alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Afande, hapa utafukua mpaka Krismasi!"

Basili akamgeukia Helena. "Mumeo alivaa nini?"

"Bangili ya shaba. Alivishwa akiwa kijana. Haitoki mpaka ikatwe."

Basili akazungusha kitufe cha kuifanya mashine ipuuze chuma na kusikia shaba, akapunguza na ukali wake, akatembea polepole. Misumari ikanyamaza. Kando ya plau kuukuu mashine ikalia. Akaipitisha kulia, akairudisha kushoto: mlio uleule, safi.

Wakachimba. Mkono ukatokea, na bangili yake.

"Mnaona? Ni Tadeo huyu!" Nicodemo aliropoka, akimnyooshea kidole mlinzi aliyesimama na pingu zake.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basili akainama, akachungulia chini ya plau.

"Majani huku bado mabichi. Plau hili limeburutwa juzijuzi. Tadeo, unajua kuendesha trekta?"

"Hata baiskeli sijui, afande."

"Nani hulala na ufunguo wa trekta?"

Wote wakamtazama Nicodemo.

"Alinichapa fimbo!" alifoka. "Mbele ya wanawake! Mimi nililima tu nilipotumwa!"

"Ulilima kaburi la baba yake Margwe," Helena alisema. "Alikuomba ulizunguke. Ulicheka kama ulivyocheka leo."

"Ukamuua, ukampelekea Tadeo mkuki," Basili alisema, akifungua pingu za mlinzi.

Helena akatupa jembe miguuni pa Nicodemo.

"Kaburi la baba ulilisawazisha kwa trekta. La mwana utalichimba kwa mikono."

Sheria haikuruhusu. Basili alitazama pembeni.

Nicodemo alichimba mpaka viganja vikachubuka, akaomba maji. Helena aliinua kibuyu, akanywa taratibu mbele yake, akakikung'uta chini mpaka tone la mwisho.

"Chimba," alisema.