Mwenye Kitambaa Ndiye Mwenye Trei

Kila asubuhi mama alifungua chumba cha mashine kabla hata ya kunawa uso. Kazi yake ilikuwa kutotolesha vifaranga. Programu iliyoongoza joto la mashine ilikuwa imeandikwa na binti yake.

Asubuhi hiyo mama alishika yai. Lilikuwa limeanza kupoa.

"We binti, mashine yako imelala tena!"

"Kioo cha mashine kinasema joto limezidi, Mama. Ndiyo maana imejizima."

"Basi hicho kioo kije kiatamie mayai!"

Mayai ya awamu iliyopita yalikuwa yameharibika yote. Haya nayo yakifa, mama angeachana na mashine. Binti akawasha joto kwa mkono, kisha akamwita jirani yao, mwandishi wa programu. Mtaa mzima ulimwita Taratibu.

Taratibu alisoma ile programu kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni.

"Hesabu zako ni sawa, mdogo wangu," akasema. "Ila kumbukumbu ya kompyuta ni kama rafu. Hapa uliweka kipimo cha joto. Sehemu hii ya programu ilipomaliza, ikaachia nafasi hiyo. Kompyuta ikaweka saa palepale. Sehemu nyingine haina habari. Inasoma saa, inadhani ni joto limezidi, inazima."

Mama akacheka. "Kama baba yako, binti! Aligeuza mayai akidhani ni yale ya zamani, kumbe trei nilikwisha kuibadilisha. Tangu hapo tuna kitambaa. Aliyekivaa begani ndiye mwenye trei. Wengine macho tu."

"Mama, umenirahisishia kazi," akasema Taratibu. "Ipo lugha ya programu yenye sheria kama hiyo. Kila kitu kina mwenyewe mmoja. Wengine huazima. Wanaweza kutazama wengi pamoja, au akabadilisha mmoja tu. Mwenyewe akiondoka, walioazima hawaigusi tena nafasi yake. Kompaila, yaani mkaguzi anayesoma programu kabla haijaanza kazi, huikataa ikivunja sheria."

Mama na baba wakalinda joto kwa zamu. Binti akajifunza lugha hiyo. Alisoma sheria moja, akaijaribu, akarudi kusoma. Kompaila ikamkatalia.

"Hii inanichukia!"

"Soma inachosema," Taratibu akamwambia. "Heri igombe hapa mezani kuliko inyamaze kwenye mayai."

Akasoma. Alikuwa amekabidhi kipimo kwa sehemu moja, kisha akakitumia tena kwingine. Kosa lilelile! Akaandika upya, sehemu ya kwanza iazime tu. Kompaila ikakubali.

"Sasa mashine haitakosea kamwe?" mama akauliza.

"Nikiiambia joto lisilofaa, italifuata, Mama," binti akajibu. "Hilo kompaila haikagui. Kwa hiyo yai tutaendelea kulishika."

Wakaendelea kulishika. Kila asubuhi lilikuwa na joto lake.

Kisha asubuhi moja mama alisimama mlangoni, hakuingia. Ndani ya mashine kitu kililia kwa sauti nyembamba, halafu vikalia vingi. Mama akashusha pumzi. Akavua kitambaa, akamwekea binti begani.

"Haya, fungua. Leo sisi macho tu."