Jeki Iliyorudishwa na Shemeji

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne, ni baba wa watoto wawili walio shule ya bweni, na naishi pembezoni mwa mji wa Kasese katika nyumba ambayo siku hizi najipikia mwenyewe. Mke wangu hajafa. Hajaolewa na mwingine, wala hatujaachana mbele ya padri. Yuko kwao Nyakiyumbu, mimi niko hapa... na kati yetu kuna jeki ya gari.

Cheka ukitaka. Zamani hata mimi ningecheka. Sasa sicheki wala silii, nakaa tu.

Jina langu ni Bwambale. Kazi yangu ni kununua kahawa na maharage kwa wakulima wa Bugoye na kuyapeleka Bwera, mpakani na Kongo, siku za soko, kwa gari langu kuukuu. Gari likizeeka ni kama bibi kizee, leo goti, kesho mgongo. Nilichoka kulipeleka gereji, maana unaingia na shida ya breki, unatoka na shida ya breki na ya taa. Nikajifunza kulitengeneza mwenyewe uani, na msaidizi wangu alikuwa mke wangu, Masika.

Mwanzoni tulitumia ile jeki ndogo inayokuja na gari, ya kuzungusha kwa mkono. Ile ni ya kubadilishia tairi njiani, si ya kufanyia kazi. Siku moja ilipinda mbele ya macho yetu, na Masika, ambaye huniita kwa jina la mwanetu, akaniambia, "Baba Baluku, nenda utafute jeki ya maana kabla sijawa mjane."

Sikukurupuka, Mungu ni shahidi. Nilizunguka maduka ya Kasese nikitafuta jeki ya magurudumu, ile inayolala chini na kuingia uvunguni mwa gari. Niliona nyekundu zinazong'aa, zimeandikwa tani nyingi ubavuni, lakini unaiinua kwa mkono mmoja kama sufuria. Chuma chembamba namna ile kitabeba tani gani? Nyingine zilikuwa nzito kweli, ila ndefu mno, haziingii chini ya gari langu. Nyingine bei yake ilikuwa ya mtu mwenye gereji.

Mwishowe niliipata Bwera, kwa baba mmoja wa Butembo, kule Kongo, anayepanga vyuma vyake juu ya turubai. Hakuisifu hata kidogo.

"Papa, rangi haiwezi pandisha gari," aliniambia. "Leta gari yako hapa, tuipandishe, tukunywe chai. Kama iko nashuka, usinunue."

Tukalipandisha gari, tukanywa chai. Gari halikushuka hata kidogo. Nikapitisha kidole pale chuma kinapotokea, kikatoka kikavu, hakuna oili inayovuja. Jeki yenyewe ilikuwa nzito, pana, fupi, haina urembo. Haikuwa ya bei ya chini kuliko zote wala ya juu kuliko zote. Ilikuwa ya haki.

Nilipolipa nikamdai matabishi, kama desturi ya mpakani, ile nyongeza ambayo muuzaji humpa mnunuzi kumfurahisha. Akakata kipande cha tairi kuukuu, cha mviringo, akakigandisha juu ya kikombe cha jeki ili gari lisiteleze.

Nyumbani nikaipindua jeki, nikachukua patasi, nikachonga herufi mbili tumboni mwake, M na B. Masika akacheka mpaka akakaa chini. Akasema tangu nimuoe sijawahi kuandika jina lake popote, na leo nimeliandika kwenye jeki! Kisha akachana kitenge chake cha zamani, akauzungushia ule mpini ili usituchome mikono kwenye jua.

Nilinunua na stendi za chuma pia. Jeki kazi yake ni kunyanyua. Kubeba ni kazi ya stendi, na yeyote anayelala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake anajitafutia jeneza. Basi sisi tulikuwa na utaratibu wetu wa Jumapili baada ya misa. Mimi napampu mpini, Masika anapiga magoti na kuingiza stendi, kwa sababu mkono wake ni mwembamba na unafika pale wangu unapokwama. Kisha nalishusha gari taratibu mpaka likalie stendi. Tulifanya hivyo muda mrefu, na nilikuwa mtu mwenye furaha bila kujua.

Ndipo akaja Muhindo.

Muhindo ni mdogo wake Masika, mvulana aliyezaliwa baada ya wasichana. Mama yao alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na Masika ndiye aliyemlea, naye mwenyewe bado msichana. Alimbeba mgongoni kwenda kisimani, kwenda shambani, hata darasani, mpaka mwalimu akamwambia achague mtoto au shule. Akachagua mtoto. Sasa kijana ni mwanaume mzima, yuko Bwera, anahangaika na mizigo ya mpakani.

"Shemeki," aliniambia, maana watu wa mpakani ndivyo wanavyomwita shemeji, "unisaidie na jeki. Gari ya patroni yangu, ule bosi wa mizigo, imekufa. Nitakurudishia hii hii wiki."

Unamnyimaje shemeji yako? Ndugu yako wa damu unaweza kumnyima na mkagombana na mkapatana. Shemeji ukimnyima, umeunyima ukoo mzima. Nikampa.

Wiki ikapita, na nyingine, kisha akaja. Alileta sato mkubwa na mkungu wa matoke. Jeki ilikuwa pana na fupi vile vile, imeoshwa vizuri. Mpini ulikuwa na kitenge chetu, na kikombe kilikuwa na mpira wetu wa matabishi.

Marehemu baba yangu alinifundisha kwamba kitu kikirudi kutoka kwa wakwe hukikagui. Unakipokea kwa mikono miwili, unakiweka ndani, unaleta chakula. Kukipindua na kukichungulia mbele ya shemeji ni kumwita mwizi, na aibu hiyo inamwangukia mkeo. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Na alipoondoka? Ukishashiba samaki wa mtu, utainuka uende kumkagua? Jeki ikakaa kwenye kona yake stoo.

Jumapili iliyofuata breki za mbele zilikuwa zinalia. Nikapampu. Gari likapanda kwa urahisi, nikafurahi, nikasema kumbe wameitia oili mpya. Masika akapiga magoti na stendi yake, akaingiza mkono.

"Ongeza kidogo," akasema.

Nikaongeza kidogo. Sikusikia kishindo kama mnavyodhani. Jeki ilitoa pumzi tu, na gari likarudi chini... mkono wake ukiwa ndani.

Hakupiga kelele. Aliita jina langu. Hakusema Baba Baluku, alisema "Bwambale," kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuuliza funguo ziko wapi. Majirani waliruka ua, wakalinyanyua gari kwa mikono. Hospitalini madaktari walijitahidi wakashindwa, na mkono wa kulia ukakatwa chini ya kiwiko.

Tangu hapo kuna kitu ndani yangu kilizimika, na hakijawaka tena.

Muhindo alifika hospitalini kabla ya ndugu zangu mimi. Alikaa sakafuni akalia kuliko sisi wote. Nikamshika bega, nikamfariji, nikamwambia ni mipango ya Mungu. Mimi! Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba utakipangusa machozi.

Maneno yakaanza kusambaa Nyakiyumbu kwamba Bwambale alinunua jeki mbovu ya bei rahisi kwa ubahili wake. Baba yao mdogo akaja kumchukua Masika akapone kwao. Nilisimama mlangoni na mfuko wa nguo zake.

"Tunamupeleka nyumbani," akaniambia. "Wewe baki na vitu vyako vya cheap."

Nikabaki. Gari lilikuwa bado limeinama uani. Nikaiendea jeki, nikafanya kile ambacho sikukifanya mbele ya shemeji. Nikaipindua.

Tumbo lilikuwa laini. Hapakuwa na M wala B. Chini ya rangi mpya kulikuwa na kutu ya zamani, na oili ilikuwa ikichuruzika. Mpini ulikuwa wangu, mpira ulikuwa wangu, jeki haikuwa yangu.

Mtaniuliza kwa nini sikushika panga siku ile. Sijui. Niliosha mikono, nikachemsha chai, sikuinywa.

Siku ya soko nilikwenda Bwera na kuzunguka gereji moja baada ya nyingine nikiitafuta jeki yangu. Niliikuta kwenye gereji iliyo kando ya barabara ya kwenda Mpondwe, imenyanyua pikapu. Wameitia mpini mwingine, wa bomba. Nililala kwenye vumbi nikachungulia na tochi ya simu. M na B, mwandiko wangu mbaya ule ule.

"Hii jeki umeipata wapi?" nikamuuliza fundi.

"Hii? Niliuziwa na Muhindo, ule kijana ya mpaka," akasema. "Iko jeki muzuri, mzee. Hajawahi kuniangusha."

Nilipiga picha. Kisha nikasimama pale nikingoja. Nilitaka ishuke, wasomaji wenzangu. Nilitaka ishuke hata upana wa ukucha, ili niseme jeki zote hushuka, ni bahati mbaya tu, hakuna mtu aliyetufanyia ubaya. Fundi alikwenda kula, akarudi, akawasha sigara. Jeki haikushuka.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja Nyakiyumbu. Masika alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage kwa mkono wa kushoto. Nikampa simu. Alitazama ile picha muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Najua," akasema. "Aliniambia pale hospitali, amepiga magoti. Alifikiri ile ingine itafanya kazi tu."

"Ukaacha waseme ni mimi?"

"Wewe iko mutu mukubwa, Baba Baluku, utabeba. Yeye akijulikana, wazee watamufukuza, polisi watamuchukua." Akaokota jiwe katika maharage, akalitupa. "Nilimubeba huyu mutoto mugongoni kabla nikujue. Mukono umeenda. Unataka na yeye aende?"

Ninyi mngejibu nini?

Muhindo akatoka ndani na beseni la maji. Aliponiona alisimama kidogo. Kisha akainama mbele ya dada yake, akauosha ule mkono mmoja uliobaki, kidole kwa kidole, taratibu, akaukausha. Halafu akanigeuzia beseni mimi. Nikanawa. Tukala pamoja, sote watatu, na hakuna aliyezungumza habari ya jeki.

Sijamwambia mtu mwingine yeyote. Nyakiyumbu bado mimi ndiye bahili aliyemkata mkewe mkono. Siku za soko nampelekea Masika sabuni na sukari, ananiuliza kama nimekula, nasema nimekula. Hasemi atarudi lini, nami siulizi, kwa sababu naogopa kwamba anajua jibu.

Jeki ile mbovu ninayo bado. Siiuzi, maana ataipata mtu mwingine mwenye mke.

Basi ninyi mnaotengeneza magari yenu nyumbani, nawasihi. Msidanganywe na rangi wala tani za kuandikwa. Tafuteni iliyo nzito, iliyo fupi ya kutosha, isiyovuja. Ipandisheni na gari lenyewe, mnywe chai, mwone kama itashuka. Nanyi msiingize mkono kabla ya kuhakikisha. Haya yote niliyajua na niliyafanya, ila nilisahau kwamba jeki huchaguliwa upya kila inaporudi nyumbani.

Shemeji akikurudishia, ipokee kwa mikono miwili, mshukuru. Kisha ipindue mbele yake, hata kama samaki wake bado yuko jikoni.