Miguu ya Ndeshi na Mche wa Parachichi

Ndeshi alikuwa na miguu isiyojua kutulia. Tiki-taka, tiki-taka. Jikoni, shambani, hata chini ya meza.

"Tulia, Ndeshi," mama alisema.
"Nitulie vipi, mama? Miguu inataka kwenda."

Kwao ni mlimani, penye migomba na baridi. Nyuma ya nyumba dada yake, Aikande, alikuwa na mche wa parachichi ndani ya kopo. Aliuotesha mwenyewe kutoka kwenye kokwa. Aliupenda mno.

Kila Aikande akienda shule, Ndeshi alichungulia kopo. Mche umekua? Wapi. Uko vilevile.

"Labda unakua kwa chini," Ndeshi akajiambia. Akaushika. Akauvuta. Chopo!

Mizizi ipo. Akaurudisha. Kesho yake, chopo! Kesho yake tena, chopo!

Mwishowe majani yakalegea, yakaning'inia.

Aikande akarudi, akaona. Hakugomba. Machozi yalimlengalenga tu. Ndeshi aliona heri angegombezwa.

Mama akaenda mferejini kukata majani ya ng'ombe. Ndeshi akamfuata, tiki-taka, tiki-taka.

"Mama, mche unataka mizizi ya nini?"

Mama akaweka mundu chini. Akamwonyesha nyuzi za kijani zikielea majini.

"Zamani sana, kabla ya watu, kabla ya ng'ombe, mimea iliishi majini hivi. Haikuwa na mizizi. Maji yaliizunguka pande zote."

Ndeshi akalegeza mikono, akayumba huku na huku.

"Kisha mingine ikaja nchi kavu. Gusa hapa."

Jiwe lilifunikwa na kijani laini, chenye umande.

"Mimea hii haina mizizi kamili. Haina mirija ya kupandisha maji. Ndiyo maana imelala chini, mifupi hivi."

Ndeshi akalala juu ya jiwe. Vidole vya miguu vikacheza, tiki-taka.

"Halafu?"

"Halafu muda mrefu ukapita. Mrefu kweli, mwanangu. Ikatokea mimea yenye mirija ndani ya shina. Maji yakapanda, fyuuu. Ikasimama wima. Ikaota mizizi, ikaota majani mapana."

Mama akamwonyesha mmea wa kangaga, wenye majani kama manyoya, kando ya mfereji. Kisha akamwonyesha mti mrefu kuliko nyumba. Ndeshi akasimama, mikono juu.

"Miti hunywa kwa mizizi, Ndeshi. Ikivutwavutwa, itakunywaje?"

Ndeshi akaitazama miguu yake. Ilikuwa imesimama. Moyo ulimuuma.

Nyumbani alichimba shimo kivulini. Akaupanda mche, akaumwagilia maji, chururu, chururu.

Kisha akaenda kwenye ua, akachuma jani la mmea wa sale. Kwao, aliyekosa humpelekea jani hilo aliyemkosea. Akampa Aikande kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada. Ni mimi niliyeung'oa. Sitaung'oa tena."

Aikande alilitazama jani.
"Na mche ukifa je?"
"Sijui, dada."

Aikande akalipokea. Lakini hakucheka.

Siku hazikwenda. Ndeshi aliuzunguka mche, tiki-taka, tiki-taka, mikono ameiweka nyuma. Alitamani kuuvuta. Alitamani sana. Hakuuvuta.

Asubuhi moja jani dogo likanyanyuka. Ndeshi hakuligusa. Alikimbia kumwita dada yake, mbio mbio.

Aikande akachuchumaa, akatazama. Akacheka. Akamkumbatia Ndeshi mpaka akakosa pumzi.

Usiku wakajifunika blanketi moja. Kukawa kimya. Mara, chini ya blanketi, tiki-taka, tiki-taka.

Ilikuwa miguu ya Aikande.

"Ndeshi," akanong'ona, "nikautazame mche? Mara moja tu."

"Tulia, dada," Ndeshi akasema, macho ameyafumba. "Unakunywa maji."

Na miguu ya Ndeshi ilikuwa imeshalala.