Posa Ingoje Usaili

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ilimkuta Ikupa katikati ya soko, sketi nyeusi ya ofisini, viatu vipya, na kabla hajapata kibaraza cha kujisitiri, buti la mwanamume likamkanyaga.

"Samahani, kaka," Ikupa akasema.

"Nimekukanyaga mimi, samahani unaomba wewe?" Jamaa alicheka, miche ya parachichi kakumbatia kifuani. "Dada, unafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha chai. Msimamizi wa mapokezi ya majani. Miaka tisa."

"Tisa, palepale? Ndizo hizo samahani zako zinazokukwamisha."

Maneno yalimchoma, yakamtekenya pia. Ndivyo alivyoanza na Nelson, muuza miche wa Kisondela, na ndivyo alivyojiandikisha mafunzo ya uongozi kwa wanawake, Jumamosi kumi na mbili, Mbeya mjini. Mkufunzi, mama Prisca, alikuwa na sheria mbili: mtazame mtu machoni, na usifungue mdomo kwa samahani. Kila Jumamosi jioni simu ililia.

"Meneja wangu, leo zimekutoka ngapi?"

"Mbili tu, mpenzi."

"Mbili! Kila moja nakutoza busu."

"Basi kesho nawaomba samahani hadi kuku."

Nafasi ya meneja wa uzalishaji ikatangazwa kiwandani. Mwanamke hajawahi kukikalia kiti kile. Usaili Ijumaa. Barua ya posa, Nelson aliapa, ingefika kwao Kawetele Jumapili ya kabla yake. Mama yake Ikupa akachinja kuku, mashangazi wakajaa sebule na vigelegele tayari kooni. Barua haikuja.

Jumatatu akaenda kupimwa suti kwa Bimdogo, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo, palepale Tukuyu, ambaye habari zako humfikia kabla yako.

"Mwanangu, barua imo kwenye koti la Nelson. Mshenga kaiona kwa macho yake. Mwanamume akisikia mke meneja, miguu inamfa ganzi!"

Ikupa akapiga simu palepale.

"Barua iko wapi, Nelson?"

"Ninayo. Nipe mpaka Ijumaa jioni."

"Unangoja nishindwe ndipo unioe?"

"Ikupa, nisikilize..."

"Nimesikiliza watu miaka tisa." Akakata.

Alilia? Kidogo. Kisha akamwambia Bimdogo akaze kiuno cha suti.

Ijumaa akaingia na suti ya kijani kibichi, kama jani la chai lililonyeshewa. Wajumbe watano, na katikati mwenyekiti wa bodi, mzee Abrahamu, baba yake Nelson. Ikupa akamtazama machoni. Akaeleza majani yanavyoungua kwa kukaa juani foleni, na namna atakavyoikata foleni hiyo. Mzee akauliza swali lake moja tu:

"Na kazi ikikutaka ukae meza moja na mtu ambaye mila inakukataza kumtazama?"

Hapo Ikupa akaelewa kwa nini barua ilicheleweshwa. Kwa Wanyakyusa, mkwe wa kike hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona njiani, huyoo, migombani! Na mwiko huanza posa ikipokelewa. Barua ingefika Jumapili, leo asingeweza hata kuvuka mlango ule.

"Sa..." Akaimeza. "Ningemwomba anifungulie mwiko, mzee. Siwezi kumsomea ripoti nikiwa migombani."

Wajumbe wakaangua kicheko. Mzee akatoka nje kabla ya kura.

Saa kumi Ikupa akatoka na kazi yake. Nelson alikuwa getini, kaloa chapachapa.

"Hongera, meneja."

"Mbona hukuniambia mzee atakuwa kwenye usaili?"

"Ungejua, ungeingia unatetemeka." Akatoa bahasha, kisha kitenge kilichokunjwa. "Barua ni yangu. Kitenge kinatoka kwa mzee. Kwetu mwiko hufunguliwa kwa zawadi, tena baada ya miaka. Wewe kakufungulia kabla haujafungwa. Bodi inakaa Jumanne, anataka ripoti."

Ikupa akajifunga kitenge juu ya suti, akakaza fundo.

"Jumapili, saa nne, na mshenga wako. Na yule kuku wa mama aliyekufa bure?"

"Samahani."

"Moja hiyo," Ikupa akasema, akisogeza shavu. "Nakutoza."