Baba Aliyekufa Kwenye Fomu

Foleni ya ofisi ya misaada ya vyuo ilifika barabarani, na wakubwa wa ndani walikuwa bado wanakunywa chai. Hapo ndipo kijana mwenye meza ya fotokopi alipomkanyaga binti fundi cherehani, aliyevaa gauni la samawati alilolishona mwenyewe.

"Pole, mrembo. Nikujazie fomu, iwe fidia."

"Kidole kizima, fidia fomu moja?"

"Basi na namba yangu ya simu."

Akacheka, akaichukua, na fomu akamwachia aijaze. Wiki mbili simu hazikupoa. Kisha ikaja barua: alete cheti cha kifo cha baba yake kufikia Ijumaa, la sivyo nafasi inapotea.

Na baba yake huyo hapo, mgane aliyemlea kwa kubeba magunia, anafunga kamba za viatu. Binti akapiga simu.

"Umeandika baba amekufa?"

"Mpenzi, wanachukua yatima kwanza. Nimeona wangapi wakirudishwa…"

"Umemzika mzee wangu kwa kalamu! Usinipigie tena."

Ijumaa alimshika baba yake mkono mpaka ofisini. Meza ya fotokopi ilikuwa imefunikwa. Mwenyewe yuko wa kwanza kwenye foleni, shati limenyooshwa.

"Shikamoo, baba. Nimewashikia nafasi tangu alfajiri."

"Marahaba, muuaji."

Binti akaeleza dirishani kwamba baba hajafa. Karani hakuinua macho. "Uthibitisho kwamba baba yu hai?"

Mzee akainama dirishani. "Nikupulizie?"

Ndivyo walivyo wenye viti: mtu anapumua mbele yao, wao wanatafuta karatasi.

Kijana akaomba karatasi tupu, akaandika: uongo niliuandika mimi, binti hakujua. Akatia sahihi.

"Meza yako isionekane tena hapa," karani akasema.

"Sawa. Ila yeye msimfute."

Karani akamgeukia binti. "Kwenu nani amesoma chuo?"

"Hakuna. Mimi ndiye wa kwanza."

"Basi unastahili kwa hilo. Si ungesema?"

"Mlimuuliza lini?" mzee akafoka. Muhuri ukagongwa.

Nje, binti akavuta fomu nyingine mkobani.

"Miaka minne unawajazia watu. Yako iko wapi?"

"Mimi niliacha shule, mpenzi."

"Kuna nafasi za walioacha. Dirisha linafungwa saa kumi. Kaa. Hali ya ndoa?"

"Sijaoa."

Binti akaweka kalamu chini, akachukua penseli.

"Hiyo," akasema, "nitaiandika kwa hii."