Kijembe Kwenye Spika

Sokoni Jumamosi watu walikuwa wamebanana, na fundi vioo alikuwa katikati yao amekumbatia kioo kikubwa cha kabati, hana pa kupita. Msusi mmoja, gauni la kijani limemkaa sawasawa, akasimama mbele yake, akajitazama, akarekebisha kilemba.

"Dada, hicho kioo si cha bure."

"Na hii sura niliyokitilia je, kaka? Mbona umeipata bure?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka, nusura akiangushe kioo. "Hata hatujuani, ushanipiga kijembe?"

"Kijembe ni cha kumchoma mtu. Mimi nimekukuna tu. Ikiuma sema, nipunguze."

Hakusema. Aliomba namba.

Msusi yule hakuwahi kukosa jibu tangu utotoni. Wenzake saluni walimwita Kijembe, naye jina akalivaa kwa madaha. Mapenzi yao yakawa mchezo: anayekosa jibu ndiye kashindwa, na fundi alishindwa kila siku kwa raha zake. Akipiga simu mchana, wateja waliokuwa wakisukwa walipiga kelele, "Weka spika!" Kijembe anaweka.

"Nimekukumbuka, laazizi."

"Aa, kumbe ulikuwa umenisahau!"

Basi saluni hapatoshi.

Kisha mama yake fundi akalazwa. Presha tu, alisema fundi, madaktari wanamwangalia. "Akitoka, wazee wangu watakuja kwenu. Jiandae." Kijembe hakuwa na wasiwasi. Usiku alijipangia kichwani chumba, mapazia, hata upande wa kitanda atakaolalia.

Wahenga walionya kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anachekewa? Jumanne saluni ilikuwa imejaa. Simu ikaita, spika ikawekwa.

"Mpenzi." Sauti ilikuwa nzito, ila kelele za saluni ziliifunika. "Ni kuhusu mama..."

"Mwambie mama mkwe asiwe na haraka, mahari yangu bado inapanda!"

Wanawake wakacheka hadi wengine wakashika mbavu. Upande wa pili kimya. Kijembe akapiga makofi. "Umekosa jibu! Leo tena umeshindwa!"

"Mama amefariki," fundi akasema. "Sasa hivi."

Simu ikakatika. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Msibani Kijembe alikaa jikoni na wanawake, akaosha masufuria mpaka vidole vikakunjamana. Alimpa fundi mkono, fundi akaupokea, akaenda kwa wageni wengine. Baada ya hapo akawa hapokei simu. Mwisho Kijembe akamfuata karakanani, kavaa dera jeusi, uso haujapakwa kitu.

"Nisamehe," alisema, bila kuongeza neno.

"Nilikusamehe siku ileile. Kaa." Fundi akamfutia kiti vumbi. "Unajua mama alikupenda? Kila jioni ananiuliza, leo mkwe wangu kasemaje? Namhadithia. Anacheka hadi nesi anakuja kumkanya."

Kijembe alilia pale alipokaa, bila kuficha uso. "Basi kama ni hivyo, wazee waje. Hata bila sherehe."

"Nisikilize. Nakupenda, sikufichi. Lakini kila nikisikia sauti yako, nasikia na kile kicheko. Nimejaribu. Ukinipigia, naiangalia simu mpaka inanyamaza yenyewe. Sasa mke ninayeogopa kupokea simu yake nitaishi naye vipi?"

"Sitafanya mzaha tena. Nitakuwa nasikiliza tu, mpenzi. Nakuapia."

"Najua unaweza. Ila hutakuwa wewe. Na niliyempenda ni wewe."

Huko nje gari lilipiga honi, mteja wake alikuwa amefika. Fundi hakutoka. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akimtazama Kijembe kana kwamba anaomba kushindwa mara moja zaidi.

Jibu lilimjia Kijembe papo hapo. Lilikuwa zuri, zuri kuliko yote aliyowahi kuyatoa, na pengine lingemchekesha fundi, pengine lingemrudisha. Ndipo akaogopa. Hakujua tena lipi linakuna na lipi linachoma. Akalimeza, akainuka, akachukua mkoba.

"Kwaheri, mpenzi," akasema.

Fundi akamfuata hadi mlangoni, akabaki akisubiri kinachofuata, kama zamani. Hakikufuata kitu.