Blanketi Aliyozikwa Nayo Mtoto Wangu Nikaiona Sokoni Malaba

"Mwizi wa mtoto!!! Shikeni huyo mama!"

Huyo mama nilikuwa mimi.

Nilikuwa nimesimama katikati ya soko la Malaba, mtoto wa mtu kifuani, kiatu kimoja kimepotea, watu wameniziba kila upande. Mmoja alikuwa ameshika jiwe. Kijana wa boda alikuwa tayari anaita wenzake. Na mnajua huku kwetu mwizi wa mtoto hafikishwi kituoni...

Lakini sikumwachilia.

Kwa sababu huyo mtoto alikuwa amefunikwa blanketi niliyoifuma kwa mikono yangu. Na hiyo blanketi ilikuwa kaburini!

Ndiyo, umesoma vizuri. Kaburini, na binti yangu ndani yake.

Naitwa Roselyn. Nimeolewa Amagoro, kwa kina Okiror. Kazi yangu ni kufuma: vitambaa vya viti, kofia, sweta za shule. Nilipopata mimba, baada ya kungoja mpaka majirani wakachoka kuuliza, nilivuka upande wa Uganda nikanunua uzi laini wa manjano, nikaanza blanketi.

Haikuwa ile ya kawaida. Ilikuwa ya vinundu. Unazungusha uzi kwenye sindano ya kroshia tena na tena kabla ya kuuvuta, kinundu kinatokeza, unakifunga, unaenda kwa kingine. Inachosha mkono na inakula uzi vibaya, lakini ukipitisha kiganja juu yake hutaki kukitoa.

Uzi wa manjano ukaniishia mwishoni. Nikarudi dukani, hata wao wameishiwa. Nikamalizia kona moja na kijani.

Mume wangu Okiror alinicheka siku hiyo. "Sasa huyu mtoto atadhani mamake haoni rangi."

"Atajua mamake hakati tamaa," nikamjibu.

Siku ya kujifungua mambo yakaharibika. Nikakimbizwa kupasuliwa. Nilipoamka, Okiror alikuwa ameketi kando ya kitanda, macho mekundu.

"Mtoto yuko wapi?"

Akanivutia shuka mpaka kifuani.

"Okiror! Mtoto yuko wapi?"

"Alikuwa msichana, Rose... Hakupumua."

"Nileteeni nimwone!"

"Mama alishampeleka nyumbani. Wamama wazee wamemaliza kila kitu."

Wamemaliza! Mtoto wangu alizikwa mimi nikiwa bado na dawa ya usingizi mwilini. Kwa kina Okiror, mtoto ambaye hakulia huzikwa na wanawake wazee, upesi, bila matanga, na mamake haonyeshwi mahali. Eti akilijua kaburi atalibeba moyoni, na tumbo halitashika tena.

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama mkwe jambo moja tu.

"Mlimfunika na blanketi yangu?"

Akatazama chini. "Ndiyo, mwanangu. Alilala vizuri."

Hicho ndicho nilishikilia, jamani. Wengine hushikilia picha. Mimi sikuwa na picha, sikuwa na kaburi, sikuwa nimemwona hata ukucha. Nilikuwa na hilo tu, kwamba popote alipo, hasikii baridi.

Sasa turudi sokoni.

Nilikuwa nimepeleka kofia za kuuza. Mbele yangu msichana mmoja alikuwa anachagua nyanya, mtoto mgongoni. Nikaona manjano. Nikaona vinundu. Nikasogea... kona ya kijani!

Na huyo mtoto alikuwa wa umri ule ule ambao wangu angekuwa.

Nilijawa na furaha ambayo mpaka leo nashindwa kuieleza. Walinidanganya! Mtoto wangu hakufa! Walimuuza, na yuko hapa, ana mashavu!

Nikamrukia. Nikamtoa mtoto mgongoni kwake kabla hajageuka.

"Uwii! Mtoto wangu!" akapiga nduru.

"Wako kivipi? Huyu ni wangu! Hii blanketi nimefuma mimi!"

Ndipo watu wakajaa, na hilo jiwe likainuliwa.

Kilichoniokoa ni mama mmoja muuza omena. Alijisukuma mpaka katikati, mikono bado inanuka samaki.

"Ngojeni! Huyu namjua, ni Roselyn wa Amagoro, yule wa kufuma. Hajawahi kuiba hata kitunguu. Hebu muulizeni kwanza!"

Yule msichana alikuwa analia. "Dada, mimi naitwa Nasimiyu. Huyo mtoto nimezaa mimi. Ni kijana. Mfungue tu uone... ni kijana."

Nikamfungua.

Alikuwa mvulana.

Wangu alikuwa msichana.

Wueh! Sitawahi kuisahau hiyo dakika. Hospitali niliambiwa tu kwamba amekufa. Hapo sokoni ndipo nilimpoteza, kwa sababu hapo ndipo nilikuwa nimempata.

Nikamrudishia Nasimiyu mtoto wake. Aliyeshika jiwe akaliacha lianguke.

"Hii blanketi ulitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kuna mama wa kanisa letu alinipea nikiwa nimetoka tu kujifungua. Alikataa hata soda. Alisema nimfunike mtoto nayo kila siku. Halafu akalia. Nilifikiria ni furaha."

"Anaitwa nani?"

"Mama Okiror."

Mama mkwe wangu!

Nasimiyu akaitoa blanketi anirudishie. Mtoto akaanza kulia, anaipapasa kwa vidole. Nikamfunika tena, nikatafuta boda, nikaenda nyumbani na kiatu kimoja.

Nilimkuta mama mkwe anachambua mboga mlangoni. Okiror alikuwa ameketi kando yake na chai.

"Mama! Blanketi ya mtoto wangu iko Malaba, inatembea!"

Ungo ukamwanguka. Okiror akamgeukia mamake. Hilo hata yeye hakulijua.

"Kaa chini, mwanangu."

"Sikai! Mlimzika na nini?"

"Na shuka yangu ya kanisani. Ilikuwa safi."

"Kwa nini?!"

Akafuta mikono kwenye leso. "Ile blanketi yako ni mafundo matupu. Kila mahali umefunga, umefunga. Kitu ya mafundo ikiingia kaburi na mtoto, inafunga tumbo ya mamake. Lazima itoke, iende ipashe joto mtoto mwenye anapumua, ndio tumbo yako ifunguke. Nilifanya hivyo juu yako, Rose."

"Si ungeniambia!"

"Ungekubali?"

Singekubali, na alijua.

"Basi nionyesheni kaburi."

Mama mkwe akainama kuokota ungo.

"Nionyesheni leo, ama narudi kwetu Chakol na hamtaniona tena!"

Mama mkwe akatikisa kichwa, lakini Okiror akaweka kikombe chini, akasimama. Nilidhani tunaenda shambani, au kule mpakani mwa boma. Hakwenda mbali. Alizunguka jikoni, akafika kwenye migomba iliyo nyuma yake, akasimama.

"Ni hapa."

Hapakuwa na tuta. Palikuwa na udongo mweusi uliolowa.

Jamani... aliyeulowesha ni mimi! Hapo ndipo nilikuwa namwaga maji ya vyombo. Asubuhi na jioni, tangu nirudi kutoka hospitali. Maji ya sabuni, makoko ya ugali, mifupa ya samaki. Siku moja hata nilijisifu kwamba ile migomba imenawiri kwa sababu yangu!

"Ulikuwa unaniona nikimwaga?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nakuona."

"Kila siku, Okiror?"

Akaanza kulia. "Nilikatazwa kusema, Rose. Niliogopa nikisema hatutapata mwingine."

Mume wangu! Aliketi akinywa chai yake, akanitazama nikimmwagia binti yetu maji machafu, na akanyamaza!

Nilianguka pale. Nikaanza kuokota makoko ya ugali kwenye matope, moja moja, kwa vidole. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikujali nani anasikia.

Nikamsikia mama mkwe anakuja. Nilijua anakuja kunikataza. Nikajiandaa kumtusi.

Akapiga magoti kando yangu, akaanza kuokota pia.

"Mimi pia nilizikiwa mmoja," akasema bila kuniangalia. "Kabla ya kumzaa Okiror. Nilimuuliza mama mkwe wangu mpaka nikachoka. Alikufa bila kuniambia. Mpaka leo nikitembea hii boma, naogopa kukanyaga."

Hasira niliyokuwa nayo kwake sikujua niipeleke wapi. Niliokota tu, na yeye akaokota, na Okiror akaenda kutafuta mawe ya kuzungushia.

Wasomaji wangu, sijaja hapa kutukana mila za mtu. Okiror bado sijamsamehe, tunajaribu. Lakini nawaomba kitu kimoja. Kama kuna mama kwenu aliyezikiwa mtoto akiwa hospitali, na wewe unajua mahali, mshike mkono leo umpeleke. Usingoje mpaka akuulize.

Mama mkwe wangu hana tena wa kumuuliza.